Nyimbo za Kijapani za majira ya kuchipua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia Machi, maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, kuanzia ya mtu asiyejua lolote hadi yale ya wabishi. Majina ya wasanii yako kwa mpangilio wa Kijapani, yaani ukoo mbele.

## Mambo ya mwanzo

1. Majira ya kuchipua Japani ni lini hasa?

Kwa kawaida ni Machi hadi Mei. Kalenda ya kale huyaanzisha mapema zaidi, karibu tarehe 4 Februari, wakati baridi bado inauma, na ndiyo maana utakuta wimbo unaokaribisha majira haya huku mwimbaji amevaa koti.

Alama kubwa ni sakura, maua ya mcheri. Tokyo huanza kuchanua kwenye wiki ya mwisho ya Machi. Idara ya hali ya hewa ina mti wake wa mfano kwenye hekalu la Yasukuni, na maua matano au sita yakishafunguka kwenye mti huo, hutangaza kwamba msimu umeanza. Baada ya wiki moja hivi mti umejaa, kisha upepo na mvua huanza kuyapukutisha. Okinawa, kusini kabisa, huyaona tangu Januari, ilhali Hokkaido, kaskazini, husubiri hadi mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei.

Kwetu Afrika Mashariki miezi hiyo ni ya masika. Hakuna sakura, ila mvua ya kukuzuia ndani na kukupa muda wa kusikiliza ipo ya kutosha.

2. Kwa nini nyimbo nyingi ni za huzuni? Nilidhani majira ya maua ni ya furaha.

Jibu liko kwenye kalenda. Mwaka wa shule Japani huisha Machi na kuanza Aprili. Mwaka wa fedha wa serikali nao huanza tarehe 1 Aprili, na kampuni nyingi huwapokea wafanyakazi wapya siku hiyohiyo na kuwahamisha wa zamani kipindi hichohicho. Kwa hiyo ndani ya wiki chache mtu anaaga darasa, anafungasha mizigo, anapanda treni kwenda mji asioujua, anaanza maisha na watu wasiomfahamu. Na nje, wakati huohuo, maua yanachanua na kumwagika.

Mtunzi wa Kijapani hahitaji kueleza lolote kati ya hayo. Akitaja jukwaa la stesheni, sare ya shule au petali moja begani, msikilizaji ameshaelewa kwamba kuna mtu anaondoka. Sisi wa nje tusipoijua kalenda hiyo tunasikia wimbo mtamu wa maua tu, na nusu ya maana inatupita. Ukichukua jambo moja tu kwenye ukurasa huu, chukua hili: Machi ni ya kuaga, Aprili ni ya kuanza. Kabla hujausikiliza wimbo, jiulize umesimama upande gani wa tarehe 1 Aprili.

3. Ni lazima uwe na sakura ndiyo uwe wimbo wa majira haya?

Hapana, na baadhi ya nyimbo bora hazina. “Haru yo, Koi” wa Matsutoya Yumi (1994) unataja jinchōge, kichaka chenye maua madogo ya harufu kali, na mashairi yake yako kwa Kijapani cha kizamani. Ulikuwa wimbo wa mfululizo wa asubuhi wa televisheni ya NHK wenye jina hilohilo. Zile noti za piano za mwanzo hata mtoto wa shule ya msingi kule anazitambua.

“Akai Sweet Pea” wa Matsuda Seiko (1982) una ua jingine kabisa, na nimeueleza kwenye swali la 12. Kuna nyimbo za upepo, za theluji iliyochelewa (swali la 17), na hata za radi: “Shunrai” wa Yonezu Kenshi, kwenye albamu ya BOOTLEG ya 2017, jina lake ni radi ya majira ya kuchipua, nao una kasi ya kukuchosha miguu.

4. Nina nusu saa tu. Nianze na zipi?

“Cherry” wa Spitz, “3gatsu 9ka” wa Remioromen, “SAKURA” wa Ikimono-gakari, “Haru Ichiban” wa Candies, na umalizie na “Haru Dorobō” wa Yorushika. Hapo umepata miaka ya 1970 hadi 2021, kilio na kicheko, na gitaa za kutosha. Wengi wangeweka “Sakura” wa Moriyama Naotarō kwenye orodha hiyo. Mimi ningeuacha kidogo, kwa sababu ukiusikia mwanzoni, zilizobaki zitaonekana nyepesi.

## Nyimbo zinazoitwa Sakura

5. Mbona kila msanii ana wimbo unaoitwa “Sakura”? Nazichanganya.

Unazichanganya kwa haki. Kati ya 2003 na 2006 zilitoka mfululizo, na nyingi zikawa kubwa, hadi kampuni za muziki zikawa zinazisubiri kila mwaka kama mkulima anavyosubiri mvua. Hizi ndizo za kuzitambua:

Ya Moriyama Naotarō (2003) jina lake kamili ni “Sakura (Dokushō)”, na neno hilo la pili linaonya kwamba ni kuimba peke yake: sauti na piano, basi. Ilianza chini kabisa kwenye chati ikapanda polepole hadi namba moja. Anaaga rafiki, na anapopandisha sauti kwenye kiitikio unaweza kudhani itakatika. Usijaribu kuuimba kwenye karaoke kama hujazoea kupanda juu.

Ya Ketsumeishi (Februari 2005) ina rapu ndani yake, na ni ya mtu anayemkumbuka mpenzi wa zamani mahali walipokuwa wakikutana. Mwezi huohuo Nakashima Mika alitoa “Sakurairo Mau Koro”, wa taratibu, unaopita majira yote manne kupitia miti inayowatazama wapenzi wawili.

Ya Kobukuro (Novemba 2005) ni ya vijana wawili walioanzia barabarani huko Sakai, Osaka: Kobuchi Kentarō mfupi na Kuroda Shunsuke mrefu, na jina la kundi ni vipande vya koo zao. Wawili hao walirudi na “Tsubomi” mwaka 2007, wimbo ambao Kobuchi alimtungia mama yake aliyefariki, ukashinda tuzo kubwa ya Japan Record Awards mwaka huo. Kwangu “Tsubomi” ndio wenye uzito zaidi kati ya hizo mbili.

Ya Ikimono-gakari (Machi 2006) ina swali lake hapa chini. Nje ya kipindi hicho kuna “Sakurazaka” wa Fukuyama Masaharu (2000), uliouza zaidi ya nakala milioni mbili. Sakurazaka ni mteremko halisi wenye micheri kwenye wilaya ya Ōta, Tokyo, na mashabiki bado huenda kupiga picha. AKB48 nao walikuwa na desturi ya kutoa wimbo wa sakura karibu kila mwaka. Ukisikia mmoja umepata picha ya zote.

6. Ukilazimishwa kuchagua mmoja?

“SAKURA” wa Ikimono-gakari, bila kusita. Ulikuwa wimbo wao wa kwanza kwenye kampuni kubwa. Ni watoto wa Kanagawa, kusini-magharibi mwa Tokyo, na badala ya maua ya mahali popote wakaweka treni yao wenyewe: mwimbaji Yoshioka Kiyoe anaiona sakura ikipita kwenye dirisha la treni ya Odakyū, ile inayotoka kwao kwenda Shinjuku. Anakumbuka daraja kubwa walilokuwa wakilivuka wawili.

Halafu kuna barua. Ameanza kuandika kwamba yeye ni mzima, hajambo, na papo hapo anajua kwamba atakayeisoma ataugundua uongo huo mdogo. Barua yenyewe haijaisha kuandikwa. Sikiliza anavyoyaimba maneno hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, karibu ya kuongea, kisha kiitikio kinapanda na nyuzi za violini nyuma yake. Anayeishi mbali na kwao, akaulizwa kwenye simu “hali yako?”, akajibu “nzuri tu”, hahitaji tafsiri hapo.

7. Nikitafuta “Sakura” mtandaoni naletewa vitu elfu. Nifanyeje?

Tafuta kwa herufi za Kijapani pamoja na jina la msanii. Tahajia ya jina hutofautiana: Kobukuro ni 桜, Moriyama na Ketsumeishi ni さくら, Ikimono-gakari ni SAKURA kwa herufi kubwa za Kilatini. Nakili na ubandike, inatosha. Nyimbo za kabla ya 1990 hujaa matoleo ya watu wengine walioimba upya, kwa hiyo angalia mwaka kabla ya kubonyeza.

## Mahafali

8. Wanafunzi wenyewe huimba nyimbo gani siku ya mahafali?

Za zamani ni “Aogeba Tōtoshi” na “Hotaru no Hikari”, zote za karne ya 19. Hiyo ya pili imechukua melodi ya Kiskoti ambayo Waingereza huiimba kuukaribisha mwaka mpya, na maduka ya Japani hupiga toleo lake la kasi ya waltz dakika za kufunga. Mtalii anaweza kudhani ni burudani, kumbe anaambiwa atoke.

Inayopendwa sana siku hizi ni “Tabidachi no Hi ni”. Haikutoka studio yoyote. Ilitungwa mwaka 1991 na walimu wa shule ya sekondari ya chini ya Kagemori, mjini Chichibu, mkoa wa Saitama: mkuu wa shule aliandika maneno, mwalimu wa muziki akatunga melodi, na walimu wakawaimbia wanafunzi waliokuwa wanamaliza. Ikaenea shule hadi shule mpaka ikawa ya taifa zima.

Za pop na roki zilizoingia kwenye kumbi za shule ni “Okuru Kotoba” wa Kaientai (1979), wimbo wa tamthilia maarufu ya mwalimu Kinpachi. “YELL” wa Ikimono-gakari na “Tegami” wa Angela Aki, zote mbili zikiwa zimepita kwenye mashindano ya kwaya ya NHK. Na “Sakura no Ame” wa halyosy (2008), ambao kwanza uliimbwa na Hatsune Miku, sauti ya kompyuta. Sauti ya kompyuta ikaishia midomoni mwa wanafunzi wenye machozi ya kweli.

9. Ni kweli “3gatsu 9ka” ulitungwa kwa ajili ya harusi?

Kweli. Jina ni tarehe tu, 9 Machi, siku ya harusi ya rafiki wa Remioromen, bendi ya vijana watatu wa Yamanashi. Walioutunga hawakuwa na mahafali akilini. Ulitoka tarehe hiyohiyo mwaka 2004, ukasikika kwenye tamthilia ya 1 Litre of Tears mwaka 2005, na kwa kuwa 9 Machi ni kipindi cha mahafali, wanafunzi wakauchukua.

Ukiujua mwanzo wake, mashairi yananyooka: mtu anagundua kwamba siku zimeanza kuwa ndefu, na kwamba akifumba macho, yule anayempenda yuko nyuma ya kope zake. Kwa mwanafunzi huyo ni rafiki, kwa bwana harusi ni mke. Hakuna neno hata moja la kubadilisha.

10. Nimeona nyimbo nne zinaitwa “Sotsugyō”, zote za 1985. Ni wimbo mmoja?

Ni nne tofauti, jina ni “mahafali” tu. Za Saitō Yuki, Kikuchi Momoko na Kurasawa Atsumi ni laini, za kuagana. Ya Ozaki Yutaka ni kinyume chake: kijana anayepiga kelele kwamba kumaliza shule hakumtoi mtu kwenye kutawaliwa, na aliyevunja vioo vya shule usiku. Ozaki alifariki Aprili 1992 akiwa na miaka 26. Wimbo huu usimpigie mwalimu mkuu.

## Roki, na nyimbo za kuchangamka

11. Kuna roki kweli, au zote ni piano na machozi?

Ipo, na ndiko ninakokaa zaidi.

Fujifabric walianza kwenye kampuni kubwa Aprili 2004 na “Sakura no Kisetsu”, singo ya kwanza kati ya nne walizozipanga kwa majira manne ya mwaka. Kinanda chake kina kaushamba fulani ka makusudi, na Shimura Masahiko anauliza kwa sauti kavu: sakura zikipita, ndiyo utakwenda mji wa mbali? Halii. Anauliza tu, na ukavu huo ndio unaouma. Shimura alifariki mkesha wa Krismasi wa 2009 akiwa na miaka 29.

hide, mpiga gitaa wa X Japan, alifariki tarehe 2 Mei 1998. “HURRY GO ROUND” ulitoka Oktoba mwaka huo, na unamalizika kwa ahadi ya kukutana tena majira ya kuchipua. Mashabiki wake huusikiliza kila Mei na hakuna anayehitaji kuuliza kwa nini.

Wa sasa ni Yorushika, n-buna mtunzi na suis mwimbaji, ambao hawaonyeshi nyuso zao. “Haru Dorobō” (2021) unamfanya upepo kuwa mwizi anayeiba maua, na polepole unaelewa kwamba maua yale ni siku za kuishi zilizobaki. Gitaa linakimbia muda wote. Huzuni inakufikia umeshaanza kutikisa kichwa.

Kwa wapenda vya kale: Happy End, albamu yao ya kwanza ya 1970, inafungua na “Haru yo Koi”. Usiuchanganye na ule wa swali la 3. Huu ni wa kijana aliyeondoka nyumbani na kuila sikukuu ya mwaka mpya peke yake, akiusubiri msimu ufike. Mpiga ngoma na mwandishi wa maneno, Matsumoto Takashi, baadaye alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa mashairi ya pop.

12. Leo sitaki kulia. Nipe za furaha.

“Haru Ichiban” wa Candies (Machi 1976). Jina ni la upepo wa kwanza wenye nguvu kutoka kusini, ambao idara ya hali ya hewa huutangaza rasmi. Theluji inayeyuka kuwa mto, vichipukizi vinachungulia kwa aibu, na wasichana watatu wanakuuliza: hebu, si ujaribu kupenda? Hauna undani wowote na hauhitaji.

“Akai Sweet Pea”: maneno ni ya Matsumoto Takashi yuleyule wa swali la 11, melodi ni ya Matsutoya Yumi aliyejificha nyuma ya jina la Kureda Karuho. Msichana anataka apelekwe baharini kwa treni yenye rangi ya msimu, na analalamika kwamba nusu mwaka umepita kijana hajamshika hata mkono.

“CHE.R.RY” wa YUI (Machi 2007) ni wa simu inayotetema kiganjani na mtu asiyependa emoji, isipokuwa zikitoka kwa mmoja tu.

13. “Cherry” wa Spitz unahusu nini? Sisikii neno hilo popote.

Hutalisikia, halimo. Wimbo ulitoka tarehe 10 Aprili 1996, na Kusano Masamune anaanza kwa kuahidi kutomsahau mtu huku akishika njia yenye kona. Anataja mchanga wa njano. Kila mwaka miezi hii upepo huiletea Japani vumbi la njano kutoka majangwa ya China na Mongolia, hadi magari yanapakwa. Huenda ni wimbo wa kuachana, huenda wa kuanza upya. Nimewasikia watu wazima wakibishana. Kodi zake za gitaa ni C, G, Am, Em na F, ndiyo maana kila anayejifunza gitaa Japani huanzia hapo.

## Waliofika kupitia anime

14. Mimi najua nyimbo za anime tu. Niingilie wapi?

Umeshaingia. Kama uliwahi kuimba “Blue Bird” wa Naruto Shippuden, hiyo ni Ikimono-gakari, sauti ileile ya swali la 6. Kama uliangalia Frieren, “Haru” wa 2024 ni wa Yorushika. Na “Hikaru Nara” wa Goose house ulifungua Your Lie in April, hadithi iliyobeba Aprili kwenye jina.

15. Sijui Kijapani. Nitaweza kuziimba?

Utashangaa. Irabu zao ni tano kama zetu, a, e, i, o, u, na silabi karibu zote huishia na irabu. Msomaji wa Kiswahili akipewa maneno kwa herufi za Kilatini anayatamka vizuri mara ya kwanza. Akumbuke tu kuvuta irabu ndefu. Anza na “Haru Ichiban”. Ya Moriyama iache, sababu iko swali la 5.

## Ya wabishi

16. “Senbonzakura” mbona haumo?

Jina lina micheri elfu moja, lakini wimbo wa Kurousa-P (2011) ni tamasha la Japani ya kale iliyochanganywa na njozi. Hauagi mtu wala haumpokei. Upige mwaka mzima, hasa Agosti.

17. Wimbo wenye theluji, au uliotoka Novemba, unawezaje kuwa wa majira ya kuchipua?

Tarehe ya kutoka si kigezo. “Haru yo, Koi” ulitoka Oktoba, “Sakura” wa Kobukuro Novemba, na Kobukuro walikuwa wameuimba barabarani miaka mingi kabla.

Theluji ndiyo mfano mzuri zaidi. “Nagoriyuki”, uliotungwa na Ise Shōzō wa Kaguyahime (1974) na kuvumishwa na Iruka mwaka uliofuata, una theluji iliyosahau kuondoka. Msichana anapanda treni, anasema hii ndiyo theluji ya mwisho kuiona Tokyo. Kijana amesimama jukwaani, hana la kusema, na ndipo anaona msichana amekuwa mzuri kuliko mwaka jana. Stesheni ya Tsukumi huko Ōita, mji wa Ise, hupiga melodi hiyo.

18. Na ule wimbo maarufu duniani, “Sukiyaki”?

Jina lake halisi ni “Ue o Muite Arukō”, wa Sakamoto Kyū (1961), ulioshika namba moja Marekani Juni 1963. Ubeti wa kwanza anakumbuka siku ya majira ya kuchipua, wa pili ya kiangazi, na baadaye ya vuli. Kwa hesabu yangu una robo ya kiingilio. Upige Machi, ukatishe kabla ya ubeti wa pili ukitaka kufuata sheria.